Mkahawa mpya wa Kigiriki: pweza wa kweli, historia ya kubandika



Mwezi uliopita tulitoka, mimi na ahali zangu, kwenda kula kwenye mkahawa mpya wa Kigiriki uliofunguliwa hapa kaskazini ya London, si mbali na barabara ya Green Lanes. Jina lake nalistiri. Nna malalamiko nao, na mtu anayetafuta riziki ughaibuni si vizuri kumwanika kwa makosa ya usiku mmoja. Lakini mazuri na mabaya yake nitayasema yote, manake nilikwenda kula samaki tu, nikarudi na jambo linalotuhusu siye Waswahili kuliko nilivyofikiri wakati natoka nyumbani.

Kwanza niwaeleze nani alikuwepo mezani, kwa sababu bila ya hivyo hamtaelewa kwa nini nilikereka na kwa nini baadaye nilipoa. Tulikuwa watu watano: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 17 aliyezaliwa hapa hapa, shemeji yangu anayeishi Maskati ambaye alikuwa anapita London kwa shughuli zake, na mama yangu mzazi. Mama amekuja kutoka Unguja kututembelea kwa miezi mitatu, na tangu afike alikuwa hali. Chai, kipande cha mkate, basi. Ukimsemesha anakwambia, "Nimeshiba, mwanangu." Mke wangu kapika kila alijualo. Tumempeleka kwa Wahindi, kasema pilipili nyingi. Tumempeleka kwa Walebanoni, kasema wali mkavu. Mtu mzima akianza kupungua mbele ya macho yako unaingiwa na khofu, khasa ukikumbuka kwamba wewe ndiye uliyemsisitiza aje. Binti ndiye aliyetoa shauri: "Bibi ni mtu wa pwani. Twendeni tukale kwa Wagiriki, wale wanakula pweza."

Kwa wasioijua mitaa hii, Wagiriki wa London wengi wao asili yao ni kisiwa cha Kupro, si Ugiriki yenyewe. Kupro ilikuwa koloni la Muingereza mpaka 1960, na wengine walikimbilia huku baada ya jeshi la Uturuki kuingia kisiwani 1974. Walianzia Camden Town, wakapanda kaskazini kidogo kidogo kwa kufuata Green Lanes mpaka Palmers Green. Mikahawa ya zamani ya Kigiriki ya mji huu ni yao wao. Halafu lilikuja kundi jingine, vijana wa Athens na Thessaloniki waliotoka kwao baada ya msukosuko wa madeni ulioanza mwisho wa 2009. Mwaka 2013 zaidi ya robo ya nguvukazi ya Ugiriki ilikuwa haina kazi, na kwa vijana ilikuwa zaidi ya nusu. Watu na shahada zao wakaja kuosha vyombo hapa, na baadhi yao sasa wana mikahawa yao. Huu niuelezao ni wa kundi hili la pili. Kwa hiyo nilikwenda na huruma tayari, manake wangapi katika sisi hawakuanzia kwenye beseni la vyombo?

Haya, tuingie ndani. Kuta nyeupe, viti vya buluu, nyavu za samaki zimetundikwa darini, na ukuta mzima una picha ya magofu ya hekalu. Meza zimebanana kiasi cha kwamba ukinyoosha mkono kuchukua chumvi unaweza kuchukua ya jirani. Muziki uko juu, watu wanasema kwa kupiga kelele ili washinde muziki, na muziki unaongezwa ili ushinde watu. Meza tuliiweka kwa saa moja ya usiku. Tukasimamishwa mlangoni dakika 25, na mama kasimama nasi na fimbo yake. Vijana wa kuhudumia wanapita na sahani, hakuna aliyemwona. Aliyemwona ni mwanamke wa makamo aliyechungulia kutoka jikoni, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Alimtazama mama, akarudi ndani, akatoka na kiti na gilasi ya maji, akaviweka mbele yake bila ya kusema neno. Mkumbukeni mwanamke huyu, nitamrudia.

Tulipokaa, binti akauliza swali ambalo sote humu tunalijua: nyama ni ya namna gani? Kijana akajibu upesi upesi na tabasamu, "Msiwe na wasiwasi, zote ni za kondoo na kuku." Mimi mwalimu, na mwalimu hulijua jibu la mwanafunzi ambaye hajasoma. Nikamuuliza tena: na hii mishkaki? Akaenda, akarudi, rangi imembadilika. Mishkaki ni ya nguruwe. Kuku wanachomwa kwenye wavu huo huo. Shemeji akaweka uma chini kama mtu aliyeona nyoka.

Hapa nataka tuwe waadilifu. Mgiriki kupika nguruwe nyumbani kwake si kosa lolote. Ukienda Athens, mishkaki ya njiani, wao wanaiita souvlaki, aghlabu ni ya nguruwe, na hakuna anayekuficha. Kosa ni kujibu kabla ya kujua. "Sijui, ngoja niulize" ni maneno matatu tu, na yangetutosha. Kijana yule angekuwa na haraka kidogo zaidi na mimi nikawa na uvivu kidogo zaidi, mama angelishwa asichokula, na miye ndiye ningebeba dhima. Wenye mkahawa wasiposomesha watumishi wao jambo hili katika mji kama London, ambao karibu kila meza ina mtu wa masharti yake, basi hawastahiki kusamehewa kwa ajili ya upya.

Lakini, kama walivyosema wazee, kizuri hakikosi ila, na ila nayo isitufanye tukakataa kizuri. Kuna jambo ambalo kila Muislamu anayekwenda kwenye mkahawa wa Kigiriki anafaa alijue. Wakristo wa Kiorthodoksi wanaoshika dini sawasawa wana siku nyingi sana za kufunga katika mwaka, ukizijumlisha zinakaribia nusu ya mwaka. Siku hizo hawali nyama, hawali maziwa wala mayai, na samaki kwa siku nyingi hawali. Ila pweza, ngisi na kamba wanaruhusiwa, kwa hoja kwamba hawana damu. Ndiyo sababu jiko la Kigiriki lina utajiri mkubwa wa vyakula visivyoguswa na nyama: mboga zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni, dengu, maharagwe, majani, na wadudu wa baharini. Vinaitwa nistisima, yaani vya mfungo. Muulize mhudumu vya mfungo na tatizo la nyama limekwisha. Likibaki la mvinyo, uliza, manake pweza wa kuchemshwa wao huwatia mvinyo mara nyingi. Tuliuliza, safari hii jibu likaletwa kutoka jikoni: pweza na samaki wana wavu wao peke yao, na pweza hana mvinyo. Tukaagiza baharini na shambani, tukaacha nyama.

Sasa chakula chenyewe.

Vilikuja kwanza visahani vidogo, ndiyo meze. Binti alidhani ndiyo neno letu "meza". Nikamwambia hapana, meza yetu tumeipata kwa Mreno, na meze yao imetoka kwa Waajemi ikapitia kwa Waturuki, maana yake ni ladha, kionjo. Maneno mawili yamekutana mahala pamoja, hayana udugu. Mtindi mzito wa tango na thomu ulikuwa mzuri, wa baridi, thomu haikuzidi. Dengu za manjano zilizopondwa, wanaita fava, juu zimetiwa kitunguu na mafuta: mama alionja, akasema, "Dengu hii, haina nazi tu," akaonja tena. Dolmades, yale majani ya mzabibu yaliyofungwa wali, yalikuwa ya kopo. Nawaambia kwa yakini kwa sababu yana ile ladha ya maji ya kopo ambayo ndimu haiiondoi. Kwa pauni 8 kwa matano, ni dhuluma. Mkate waliuleta bila ya kuombwa na wakautoza pauni 4. Wenyeji wa Ugiriki wanasema kwao ndiyo desturi, mkate huingia kwenye hesabu. Sawa, lakini desturi ya kwenu ukiivusha bahari mwambie mgeni.

Saladi ilikuja na kipande kizima cha jibini ya feta juu yake, kama inavyotakiwa. Jibini ilikuwa safi, chumvi yake ya kiasi, ya maziwa ya kondoo.

Bamia ndiyo iliyomfungua mama mdomo. Kijana aliitaja kwa jina lake la Kigiriki, bamies, na mama, ambaye Kiingereza chake ni cha salamu tu, akanyanyua kichwa: "Kasema bamia?" Kasema bamia. Zilipikwa kwa tungule na mafuta ya zeituni mpaka zimelainika, hazina utelezi. Mama alikula sahani ile nusu nzima. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, nisiseme kitu nisije nikaharibu.

Halafu pweza. Waungwana, pweza yule nitamshuhudia popote. Mkono mmoja mnene, umechomwa mpaka ncha zimekuwa nyeusi na kavu, ndani mlaini lakini bado ana uzi wa kutafuna. Juu mafuta, siki na majani makavu ya oregano, basi. Wagiriki wa visiwani humpiga pweza kwenye jiwe na kumwanika juani kwenye kamba kama nguo kabla ya kumchoma. Sijui kama huyu wa London kaliona jua, lakini kapigwa, hilo halina shaka. Mama alitafuna kwa utulivu, akasema: "Huyu kapikwa na mtu anayejua pweza." Kisha, kwa kuwa ni mama yangu, akaongeza kwamba angetiwa tui angekuwa bora. Pauni 19 kwa mkono mmoja. Ghali, lakini ndicho kitu pekee usiku ule nilicholipa bila ya kuguna.

Moussaka ya mboga, ya bilingani na dengu, ilikuwa nzito na ya vuguvugu katikati, imepashwa moto kwa haraka. Samaki mzima wa kuchoma alikuwa mzuri lakini mdogo, na bei wameiandika kwa kilo, kwa hivyo hujui umekula pauni ngapi mpaka mwisho. Ulizeni uzito kabla.

Sasa nije kwenye menyu, manake hapo ndipo penye ugomvi wangu wa kweli.

Ukurasa wa kwanza wa menyu hauna chakula. Una maelezo marefu kwamba mapishi haya ni ya miaka 2500, yamehifadhiwa "safi, bila ya kuchanganyika", kutoka kwa mababu wa falsafa mpaka kwenye sahani yako. Chini yake imeandikwa kwamba kila kitu ni "cha Kigiriki halisi". Nilisoma hayo na mbele yangu pana saladi ya tungule na pilipili boga. Tungule, pilipili boga na viazi vimetoka bara la Amerika. Hakuna mwanafalsafa wa Athens aliyewahi kuziona. Bilingani imeletwa na Waarabu katika zama za kati. Bamia jina lake wanalo kwa Kiarabu kupitia kwa Waturuki. Hata feta, ambayo Jumuiya ya Ulaya iliisajili 2002 kuwa jina la Ugiriki peke yake, na mahakama ikalithibitisha hilo 2005, jina lenyewe ni la Kitaliano, maana yake ni kipande kilichokatwa. Na moussaka? Jina ni la Kiarabu. Ile sosi nyeupe ya maziwa, siagi na unga iliyo juu yake ni ya Kifaransa, na aliyeieneza ni mpishi mmoja mashuhuri, Nikolaos Tselementes, katika miaka ya 1920. Bwana huyu aliamini kwamba chakula cha Kigiriki kimeharibiwa na mashariki, akataka kukisafisha, kuondosha viungo vya Kituruki. Alikisafisha kwa kumtia Mfaransa! Kitabu chake kikapata umaarufu mpaka jina lake likawa, kwa Kigiriki cha kila siku, ndilo neno la kitabu cha mapishi.

Na wakati yeye akisafisha, watu wenyewe walikuwa wanaingia. Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana watu kwa dini zao: Wakristo zaidi ya milioni moja walihesabiwa kuwa Wagiriki, Waislamu wapatao laki nne wakapelekwa Uturuki. Wale waliotoka Smyrna na miji ya pwani ya Anatolia walikuja na masufuria yao, na uzile na mdalasini wao. Wengi wao walidharauliwa kwa ladha zao hizo hizo ambazo leo zinauzwa kuwa za Kigiriki halisi.

Nilikuwa nayasema haya kwa sauti, na mke wangu ananiambia kula. Shemeji akataka kahawa. Akaagiza, kwa nia njema kabisa, "kahawa ya Kituruki". Kijana akakakamaa. "Ni kahawa ya Kigiriki, bwana." Shemeji akashangaa: si ni ile ile, ya kijiko na mashapo chini? Ni ile ile. Zamani wao wenyewe waliiita ya Kituruki. Baada ya mambo ya Kupro ya 1974 jina likapigwa vita na la Kigiriki likashika. Shemeji akasema kwa Kiswahili, polepole, "Haya, na ile ya Yemen muwaachie Wayemeni basi." Tulicheka. Kisha nikaacha kucheka, na nitawaambia kwa nini.

Binti, ambaye alikuwa kimya muda wote, akaniuliza: "Baba, kwani sisi tuna tofauti gani? Kwenye harusi za hapa kila mtu anasema biriani yake ndiyo ya asili. Anko anasema ya Oman, wewe unasema ya Unguja, mjomba wa Mombasa anasema yao. Halafu mnagombana Waswahili ni Waarabu au ni Waafrika, mpaka chakula kinapoa."

Nilikosa la kumjibu, manake ni kweli. Na mimi ni mmoja katika wagombanaji. Kila mmoja wetu anataka babu mmoja, safi, wa kubandika kwenye ukurasa wa kwanza wa menyu. Mwengine kamchagua Mshirazi, mwengine Muomani, mwengine Mbantu asiyeguswa na mtu, na kila mmoja ana vitabu vyake. Na wakati huo tunakula muhogo, uliotoka Amerika, kwa tui la nazi, iliyotoka upande wa Asia, na kuusifia kuwa ndicho chakula cha mababu. Karafuu, ambayo imetupa jina ulimwenguni, haikuwepo Unguja kabla ya karne ya 19. Tena Wagiriki hao hao ndio mashahidi wetu wa kale. Maelezo ya mwanzo marefu kidogo ya mwambao wetu tuliyonayo, Periplus, yaliandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 na mfanyabiashara wa Misri ambaye hakuacha jina lake. Anautaja mji wa Rhapta, pembe za ndovu na magamba ya kasa. Na anataja kwamba manahodha wa Muza, huko Yemen, walikuwa wakioa kwa wenyeji na kuijua lugha yao. Yaani shahidi wa kwanza alipofika, katukuta tumeshachanganyika! Mtafuta usafi atafute kabla ya hapo, na huko hakuna maandishi.

Basi tukafika kwenye kitu kitamu. Menyu inasema loukoumades, na maelezo kwamba ni vitafunio walivyopewa washindi wa michezo ya Olimpiki ya kale. Sikutaka, nilikuwa nimeshiba maelezo. Binti akaagiza. Ikaja bakuli, vidonge vya mviringo vya rangi ya dhahabu, vimemiminiwa asali na mdalasini. Mama akatazama, akavua miwani, akatazama tena.

"Hizi si kaimati?"

Ni kaimati. Akachukua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Shemeji akasema, hizi ni luqaimat za kwetu Ghuba, mwezi wa Ramadhani haipiti siku bila yake. Na wote wana haki. Luqma kwa Kiarabu ni tonge. Waturuki wamechukua lokma, Wagiriki wakatoa loukoumades. Ghuba wakasema luqaimat, vitonge, na siye tukaifupisha kwa ulimi wetu ikawa kaimati. Katika kitabu cha mapishi cha Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi cha mwaka 1226 zimo, zinaitwa matonge ya kadhi. Kama washindi wa Olimpiki walikula vidonge vya unga na asali, yawezekana, unga na asali ni vitu vya kale. Lakini jina lililo kwenye menyu ile halikutoka Olimpiki. Limepita Baghdad na Istanbul, na lina jamaa Mombasa, Unguja na Maskati.

Mama akaniambia nimwite aliyepika. Nikaona haya, nikakataa. Akasema, "Mwite." Akaja yule yule mwanamke wa kiti na maji. Mama akampa mkono, akaniambia nifasiri: "Mwambie pweza ni mzuri sana. Kaimati ni nzuri, ila unga haujaumuka vya kutosha, na shira ingetaka iliki." Nilijaribu kulainisha, binti akafasiri neno kwa neno. Mwanamke akacheka, akasema ni kweli kuhusu unga: jana kulikuwa na baridi jikoni na wenye mkahawa walikuwa na haraka. Akasema bibi yake alitoka Smyrna mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake, na kwao vitonge hivi hawajaviita vya Olimpiki hata siku moja. Ni vitu vya kugawia majirani. Nikamuuliza, na ule ukurasa wa kwanza wa menyu? Akapandisha mabega, akasema ule waliuandika vijana, kwa ajili ya wateja.

Basi hukumu yangu ndiyo hiyo. Mkahawa ule una mikahawa miwili ndani yake. Mmoja uko kwenye menyu na kwenye ukuta wenye magofu: unajisifu, unajibu asichokijua, unatoza mkate kimya kimya na unafungua makopo. Wa pili uko jikoni, unamwona mtu mzima amesimama, unampa kiti, na unajua pweza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wa kwanza nausuta. Wa pili nausifu, na naona kheri wenye mali wangemwachia mwanamke yule aandike ukurasa wa kwanza kwa mkono wake: nani kamfundisha, katoka wapi, kapitia wapi. Hayo yangenipa hamu ya kula kuliko miaka 2500. Na siye tunaotaka kufungua mikahawa yetu huku, ambao nimeona tukiandika mchuzi wa pweza kuwa "kari ya kisiwani" na kaimati kuwa "donati za Kiafrika", tuandike majina yetu kama yalivyo, na tusione haya kusema yalikopitia.

Bili ilikuwa pauni 151 kwa watu watano, na ndani yake asilimia 12 na nusu ya huduma imeshatiwa. Unaruhusiwa kuiondosha, na kwa dakika 25 za mlangoni nilikuwa na haki. Niliiacha, na nikamuomba kijana anihakikishie kwamba jikoni nako inafika. Alisema inafika. Natumai safari hii aliuliza kabla ya kujibu.

Atakayekwenda kwenye mikahawa ya namna hii: aagize pweza, bamia, dengu na kaimati, aache majani ya kopo, aulize uzito wa samaki na bei ya mkate, aulize wavu wa nguruwe uko wapi, aulize mara mbili. Na aende mapema, kabla ya saa moja, kama ana mtu mzima.

Kesho yake asubuhi niliposhuka chini mama alikuwa jikoni, kanga kiunoni, anafungua makabati. Alitaka kujua hamira tunaiweka wapi.

Wasalaam.